Nani Aliwaambia Mkaze Slipa?

Kuna ushauri mmoja ambao umevunja gia nyingi kwenye viwanja vyetu vya murram kuliko mawe yenyewe. Ni maneno mawili tu: "Kaza mwisho." Anayeyasema huwa amesimama nyuma ya meza ya mwenzake, soda mkononi, spana hana. Hajauliza gari lina uzito gani. Hajauliza tairi ni zipi, wala uwanja ulimwagiwa maji saa ngapi. Ameona tu kigari kikiondoka kwa mlio wa "wiii", akaamua pawa inapotea, akatoa dawa yake ya bure, kisha akasonga hadi meza inayofuata kuua gari lingine.

Nimechoka na huyo jamaa, na makala hii ni yake. Shida ni kwamba huwa hasomi, kwa hivyo ninyi wengine mtampelekea.

Kama hujawahi kusimama kando ya mbio hizi, karibu, nikueleze haraka. Bagi ya mbio ya rimoti, ile ya kipimo cha 1/10, si ile gari ya plastiki uliyoletewa na mjomba Krismasi ikafa kabla ya Januari. Ina shoki nne zilizojazwa mafuta, ina difu, ina betri ya lithiamu ya volti 7.4 na mota isiyo na brashi inayoweza kuzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Fainali zake kwa kawaida ni dakika 5, na ndani ya hizo dakika 5 inaruka vilima na kutua kwa kishindo mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Kati ya mota na magurudumu kuna klachi ndogo ambayo jina lake la Kiingereza linafanana na la ndara za bafuni, ndiyo maana wasee huiita slipa tu. Utani wake haujaisha hadi leo. Hata mimi nauchukia.

Slipa ni kitu rahisi. Gia kubwa ya plastiki imebanwa katikati ya sahani mbili za chuma, na kati ya sahani na gia kuna pedi, kama za breki. Nje kuna springi, na nje ya springi kuna nati. Ukikaza nati, springi inajikunja na kuzibana sahani zaidi. Nguvu inayopita ikizidi ule mbano, gia inateleza kwenye pedi kwa nukta ya sekunde, halafu inashika tena. Hicho ndicho kifaa chote. Hakuna kompyuta, hakuna siri.

Sasa nenda posho mill yoyote mtaani uangalie mkanda unaounganisha mota na mashine ya kusaga. Jiwe likiingia na mahindi, au mtu akimwaga debe zima kwa pupa, mkanda unalia na kuteleza. Mwenye posho mill hakasiriki. Anajua kwamba mkanda ukikataa kuteleza, kitakachofuata ni shafti kukatika au mota kuungua, na kati ya hivyo vyote mkanda ndio wa bei nafuu. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Slipa ni pabovu tulipopachagua wenyewe, tukapaweka mahali tunapoweza kupafikia kwa spana moja. Ukiikaza mpaka mwisho hujaondoa ubovu kwenye kamba. Umeuhamisha, na sasa hujui umeenda wapi.

Mimi najua umeenda wapi kwa sababu naona maiti zikipita. Mara nyingi umehamia kwenye meno ya ile gia kubwa, ambayo inanyolewa upande mmoja kama chana la babu. Ukiwa na bahati, ni hiyo tu. Kama gari lako lina difu ya goroli, ubovu unaweza kuhamia humo, na hapo ndipo pesa hulia. Difu ya goroli ni vigololi vidogo vilivyobanwa kati ya pete mbili, na kazi yake ni kuruhusu gurudumu la ndani na la nje kuzunguka tofauti kwenye kona. Kunyonya vishindo si kazi yake. Ikilazimishwa kuteleza chini ya mzigo mkubwa, joto linapanda, grisi inaungua, pete zinachimbika mitaro. Ukiishika baadaye unasikia mchanga ndani, na mchanga wenyewe haupo. Hiyo hurekebishi kwa kuzungusha nati.

Kuna watu wanaodhani slipa ni ya kuondokea tu, kwamba ikiwa gari linaondoka safi basi kazi imeisha. Lakini kazi nzito ya slipa iko kwenye kutua. Fikiria bagi ikiwa hewani, kidole bado kimevuta triga. Magurudumu hayana ardhi ya kuyashikilia, kwa hivyo yanazunguka kichaa. Yakigusa murram yanalazimishwa kupunguza mwendo papo hapo, ila rota ndani ya mota ina spidi yake na haina habari kwamba mmefika. Magurudumu yanavuta huku, rota inavuta kule, na katikati yao kuna meno ya plastiki yenye unene wa punje ya mchele. Ugomvi huo lazima uishie mahali fulani. Kazi yako kama fundi ni kuamua uishie wapi.

Hapa ndipo huwa naletewa hoja ya kisasa: "Buda, siku hizi kidhibiti cha mota unakiset kwa simu, unapunguza mshtuko wa kuondoka, slipa ya nini?" Hoja nzuri, nusu yake. Ni kweli unaweza kuiambia mota iamke polepole, na kwenye uwanja mkavu hiyo husaidia sana. Lakini kidhibiti kinatawala nguvu inayotoka kwenye mota kwenda kwenye magurudumu. Kishindo cha kutua kinatoka upande wa pili, kinapanda kutoka ardhini kwenda kwenye mota, na hakuna programu itakayofuta uzito wa rota inayozunguka. Simu yako haiwezi kuteleza. Pedi inaweza.

Tuje kwenye uzito, maana hapa ndipo uongo ni mwingi na bei yake ni kubwa zaidi.

Imani iliyopo ni kwamba gari jepesi ndilo gari la kasi, basi. Wasee wananunua skrubu za titani, wanatoboa mashimo, wanakata bodi, wanajigamba kwa gramu walizopunguza kama watu waliotoka jimu. Haya. Sheria za mbio za kimataifa zimekuwa zikitaka bagi ya 1/10 inayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma isipungue gramu 1,474, na ile ya magurudumu manne isipungue gramu 1,588. Sasa ona kichekesho. Mtu anatumia pesa kuondoa gramu 40 kwa titani, gari linakuwa jepesi mpaka linarukaruka kwenye matuta kama panzi, halafu wiki inayofuata ananunua vipande vya shaba kuzirudisha zile gramu 40. Amelipia mzigo kushuka, amelipia mzigo kupanda. Hata makanga wa matatu hawezi kukufanyia hivyo kwa safari moja.

Atanijibu kwamba kutoa uzito juu na kuurudisha chini kunashusha kitovu cha mzigo, na gari halipinduki ovyo kwenye kona. Kweli kabisa, na mtu aliyefanya hivyo kwa makusudi namvulia kofia. Lakini muulize alipima nini kabla na alipima nini baada. Kimya. Hajawahi kuliweka gari kwenye mizani. Ana risiti tu.

Watu wanaojua uzito katika mji huu hawako kwenye meza za rimoti. Wako Marikiti na Gikomba, wanasukuma mikokoteni. Jamaa wa mkokoteni haanzi safari kabla ya kuonja mzigo. Akipanga magunia nyuma sana, mishikio inapaa na yeye anabaki anabembea hewani kama nguo kwenye kamba. Akiyapanga mbele sana, mgongo unakufa kabla ya kuiona Jogoo Road. Kwa hivyo anasogeza gunia moja kidogo tu, anainua mishikio, anasikiliza mikono yake, anasogeza tena. Hapunguzi mzigo, maana mzigo ndio pesa. Anatafuta mahali pake.

Bagi inayosukumwa na magurudumu ya nyuma inataka akili hiyo hiyo. Chukua mizani mbili za jikoni, zile za kupima unga wa keki. Weka magurudumu ya mbele kwenye moja na ya nyuma kwenye nyingine, betri ikiwa ndani na bodi ikiwa juu, kila kitu kama siku ya mbio. Andika namba. Kwa dakika mbili tu utajua kitu ambacho nusu ya wenzako hawakijui kuhusu magari yao. Kisha inua gari kwa ncha za bisibisi mbili, moja katikati kabisa mbele, nyingine katikati nyuma. Likiangukia upande mmoja, upande huo ni mzito, na hiyo ndiyo sababu gari lako linapinda vizuri kushoto na kugoma kulia. Si uchawi, si tairi. Ni betri upande mmoja na nyaya zote upande mwingine.

Ukishajua namba, cheza nazo. Tuseme betri yako ina gramu 200 na umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 280. Ukisogeza betri nyuma kwa milimita 20, unahamisha takriban gramu 14 kutoka magurudumu ya mbele kwenda ya nyuma. Hujanunua kitu. Hujaongeza hata gramu moja. Na gramu 14 utazisikia, niamini, hasa mbele, ambako mzigo ni mdogo tangu mwanzo na kila unapovuta triga unazidi kupungua.

Halafu kuna suala la uzito kukaa wapi hata kama mizani inasoma sawa. Beba mitungi miwili ya maji kwenye ncha za mti mrefu begani, ujaribu kugeuka mlangoni. Kisha ikumbatie yote miwili kifuani, ugeuke tena. Kilo ni zilezile, ila mti unachelewa kuanza kugeuka, na ukishaanza unachelewa kuacha. Msee anayebandika shaba kwenye pua na nyingine kwenye mkia ili mizani isome vizuri amejitengenezea mti huo. Kwenye njia nyoofu atafurahia utulivu. Kwenye kona mbili zinazofuatana atapita ukutani akisalimia watu.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo ninapogombana hata na watu ninaowaheshimu. Uzito na slipa si mada mbili. Watu huzifanya siku tofauti, uzito nyumbani mezani, slipa "nilishaset mwaka jana". Haiwezekani. Mshiko wa tairi unategemea mzigo unaolikandamiza. Ukisogeza betri nyuma, tairi za nyuma zinashika zaidi. Jana, mota ilipovuta kwa nguvu, kitu cha kwanza kuteleza kilikuwa tairi kwenye vumbi. Leo tairi limekataa kuteleza, na ile nguvu yote inarudi ndani kutafuta kitu kingine cha kukisukuma. Hujagusa nati ya slipa, lakini umebadilisha kazi yake. Kama ilikuwa imekazwa mwisho na ulikuwa unaponea kwa sababu tairi zako zilikuwa mbovu, leo ndiyo siku ya gia kulia.

Na inaenda upande wa pili pia. Slipa inayoteleza kidogo wakati wa kuondoka inafanya mzigo usikimbilie nyuma kwa mshtuko. Pua inabaki chini, magurudumu ya mbele yanaendelea kugusa, unaweza kuongoza gari huku ukiwa umekanyaga. Wangapi mmeona mtu akilalamika kwamba gari lake "halitaki kupinda ukitoka kwenye kona", kisha anaongeza shaba mbele, gramu 20, gramu 30, mpaka gari linatua kwa pua kila likiruka? Dawa ilikuwa nati moja kuilegeza kidogo. Lakini nani atamwambia, wakati yule wa soda alishapita?

Ndugu zake yule wa soda ni watu wa karatasi. Unajua zile karatasi za vipimo vya mabingwa: mafuta ya shoki namba fulani, springi rangi fulani, shaba gramu kadhaa mahali fulani, slipa imefungwa kabisa. Mtu anazipakua kama mtihani ulioibwa. Ananakili kila kitu mpaka pembe ya gurudumu, halafu anashangaa gari linaendesha kama sofa. Bwana, hiyo karatasi iliandikwa kwa ajili ya zulia ndani ya ukumbi Ulaya, ambako tairi linashika ardhi kama gundi tangu asubuhi mpaka jioni. Wewe unakimbiza kwenye murram iliyomwagiwa maji saa mbili asubuhi, ikawa kama keki, kisha ikageuka unga saa sita. Una viwanja vitatu kwa siku moja!

Watengenezaji wenyewe wanajua. Mwaka 2011 TLR walipotoa bagi yao ya 22, ilikuja na uwezo wa kufunga mota nyuma ya ekseli au mbele yake, kwa sababu uwanja wenye mshiko na uwanja wa vumbi hautaki mota mahali pamoja. Team Associated mwaka 2016 walitoa bagi mbili kabisa, B6 kwa zulia na mshiko mkubwa, B6D kwa udongo. Kiwanda kimekiri kwamba gari moja halitoshi, wewe unataka karatasi moja itoshe? Angalia hata magari makubwa. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, tumewaona Naivasha watu wenye bajeti ambazo hatuwezi kuzitamka. Hakuna timu inayokuja pale na gari lililopangwa kwa ajili ya Finland. Wanainua, wanaimarisha, wanafunga snokeli, wanakaa usiku wakibishana kuhusu vumbi. Wao wana haki ya kuwa na kiburi, lakini wanaiheshimu ardhi.

Kuwa mkweli, kuna mahali ambapo kuifunga slipa au kuiondoa kabisa ni uamuzi wa akili. Daraja la mota za mizunguko 17.5, ambazo ni pole, kwenye zulia tambarare, kila gramu inayozunguka inahesabika na hakuna mruko wa kutisha. Mabingwa wengi hapo hufunga kifaa chepesi badala ya slipa na gari linaenda vizuri. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na mtu anayechukua jibu lao bila kuchukua swali lao. Kwenye magari ya 1/8 ya injini ya mafuta ni hadithi nyingine kabisa, yana klachi yake inayoshika kwa mzunguko na difu ya katikati, na siku moja nitayaandikia yake.

Mtaniuliza kwa nini nimepandwa na hasira hivi juu ya nati. Ni vigari tu, si ndio?

Kulikuwa na kijana mmoja, wa kidato cha tatu hivi, aliyekuja na bagi ya mkono wa pili. Alikuwa ameinunua kwa kuuza vitu vyake vya thamani na kuosha magari likizo nzima. Gari zee, lakini safi, kila skrubu mahali pake, na lilikuwa linaondoka kwa ule mlio mdogo wa slipa inayofanya kazi. Alikuwa wa nne kwa spidi. Wazee wa meza wakamzunguka. Mmoja akasema kaza. Mwingine akamkazia mwenyewe, kwa mkono wake, mpaka springi ikajikunja yote. Mruko wa pili, gia ikanyolewa. Alikuwa na ya akiba moja. Wakamwambia mbano haukutosha ndiyo maana, kaza tena. Ile ya akiba ikadumu mizunguko mitatu. Gia yenyewe ni kitu cha bei ya chakula cha mchana, lakini haiuzwi kwenye duka la kona. Unaagiza nje, unalipia usafiri mara kadhaa ya bei yake, unasubiri wiki, unaombea isishikwe njiani. Kijana akafunga begi lake mapema. Sijamwona tena uwanjani.

Yule aliyemkazia bado yuko, na bado anashauri. Gia zake huletwa kwa boksi.

Hicho ndicho kinachonichoma. Mchezo huu tayari ni ghali kwa mtoto wa kawaida wa Kayole au Umoja. Kitu pekee kinachoweza kumweka kwenye mstari mmoja na mwenye pesa ni masikio yake, mizani ya mama yake ya jikoni, na saa moja ya kujaribu bila kelele. Ukimfundisha kwamba dawa ya kila kitu ni kukaza na kununua, umemwambia kwa lugha ya spana kwamba hapa si kwake. Halafu mnakaa mkilalamika kwamba hakuna damu mpya, kila Jumamosi ni sura zile zile nane.

Basi kwa yeyote anayeanza, nitasema jinsi mimi ninavyofanya, na asiyependa aandike makala yake.

Uzito kwanza. Mizani, bisibisi mbili, betri inasogezwa mpaka gari linasimama sawa kushoto na kulia na namba za mbele na nyuma umeziandika. Usinunue shaba kabla ya kumaliza nafasi zote za bure. Kisha angalia urefu wa gari kutoka chini, kwa sababu ukihamisha mzigo springi zimeshuka upande huo na kupanda upande ule, na ukisahau hilo utafikiri umekosea uzito.

Difu ya pili, na hii watu huruka. Shika magurudumu yote mawili ya nyuma kwa nguvu, yasisogee, kisha sukuma ile gia kubwa kwa kidole gumba. Kitu lazima kiteleze. Sikiliza ni kipi. Ikiteleza slipa, laini na bila kukwaruza, uko sawa. Ikiteleza difu, simama hapo hapo. Ama difu imelegea au slipa imekaza kupita kiasi, na hupeleki gari uwanjani kabla ya kupatanisha hao wawili.

Slipa ya mwisho, na si mezani. Mezani unaweza tu kukisia. Peleka gari mahali penye mshiko mzuri kuliko pote uwanjani, si kwenye vumbi la pembeni. Hili ni la maana sana, kwa sababu kwenye vumbi tairi litateleza kwanza na utadhani slipa iko poa wakati imekufa. Anza ikiwa imelegea wazi, triga yote kwa mpigo, usikie inavyolia muda mrefu. Kaza moja ya nane ya mzunguko. Tena. Tena. Inapofika mahali gari linaondoka kwa mlio mfupi wa sentimita 30 hadi 60 hivi kisha linashika, acha. Usiongeze ile "moja ya bahati".

Na isilegee pia, maana kuna wengine watasoma haya na kuendesha gari linaloimba uwanja mzima. Slipa iliyolegea inajipika. Pedi zinakuwa kama kioo, joto linaingia kwenye gia, plastiki inalainika, na utaipoteza gia ile ile uliyokuwa unailinda, kwa njia ndefu zaidi. Ukimaliza dakika 5 na huwezi kuweka kidole karibu na sahani, ulikuwa umelegeza mno. Pedi mpya nazo hubadilika kwenye betri za kwanza, kwa hivyo ukizibadilisha usiamini alama ya jana.

Kisha fanya kitu ambacho sijawaona wengi wakifanya: rudia saa sita. Udongo ukishakuwa unga, tairi linachukua kazi ya slipa na unaweza kuiacha ilivyo. Lakini wakimwaga maji tena kabla ya fainali, na huwa wanamwaga, mshiko unarudi wa asubuhi wakati betri yako umeshaisogeza nyuma kutafuta mshiko wa mchana. Hapo ndipo gia hufia, fainali, mruko wa kwanza, mbele ya watu wote. Dakika mbili kabla ya kuitwa, shika magurudumu, sukuma gia kwa gumba, sikiliza.

Jumamosi nitakuja na mizani zangu mbili na nitaziacha mezani, zitumike na yeyote. Kijana akija na gari la mkono wa pili, apimiwe kwanza, na mwenye soda akae mbali.